Sura ya Mwisho Ina Chumvi

Mama alikuwa anachana vitabu kuanzia nyuma. Hakuwa na ubaya wowote, ilikuwa biashara. Jalada la mbele lina picha, na kitabu chenye picha bado kinaweza kumpata mnunuzi kama mnunuzi mwenyewe hakifungui sana. Kwa hiyo alianza na ukurasa wa mwisho: anauchana, anausokota ncha chini mdomo juu, anajaza njugu za kukaanga, anampa mteja, kisha anauendea ule uliotangulia. Vitabu vyenyewe vilitoka kwenye marobota ya mitumba. Mama mmoja aliyeuza nguo karibu naye katika soko la Busia, upande wa Uganda, alivikuta vimejichanganya na mashati na hakujua avipeleke wapi. Vile vikubwa vya karatasi ya kung'aa mama alivikataa, maana karatasi yake haisokoteki, inafunguka mkononi mwa mteja. Alipenda vidogo, vya karatasi laini iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Na hivyo vidogo, kwa sababu ambayo sijawahi kuielewa, karibu vyote vilihusu vyombo vya angani, wachawi wenye mapanga, na watu wanaolala miaka elfu wakaamka na njaa.

Mimi nilisoma kutoka mbele. Nilisimama nyuma ya kigoda chake, na mteja akija, mama alinyoosha mkono bila kugeuka. Nampa kitabu, anachana ukurasa wa nyuma, ananirudishia. Nilisoma mbio mbio, nikiruka maelezo ya milima na mavazi, kwa sababu kila mtu aliyepita mbele yetu na kutaka njugu alikuwa anakula hadithi yangu.

"Mama, bado sijafika."

"Na mteja naye asubiri ufike?"

Tulikutana katikati. Siku za soko kubwa tulikutana mapema zaidi. Chombo kinaikaribia sayari, mlango unaanza kufunguka, basi, hakuna tena. Nilikuwa naokota kingine.

Hivyo ndivyo nilivyokua, nimesoma mianzo mingi kuliko mtu yeyote ninayemjua na miisho isiyojaza kiganja. Nilipofika shule ya upande wa Kenya na kukuta maktaba yenye vitabu vizima, nilisoma kimoja hadi mwisho nikaona nimetukanwa. Mambo yameshakwisha, halafu mwandishi bado yupo, ananieleza nani alimwoa nani. Tangu hapo nina ugonjwa wa kutotulia. Nasoma nimesimama au ninatembea. Harusini naondoka kabla ya keki, kanisani kabla ya baraka, na mazishini, Mungu anisamehe, naondoka kabla udongo haujajaa. Watu wa kwetu wamenisema sana kwa hilo la mazishi.

Hata baba yangu aliishia katikati. Nilikuwa darasa la tatu alipovuka kwenda kutafuta kazi ya ukuli upande wa pili. Alituma salamu mara mbili, kisha habari zake zikakatika. Hatukuambiwa amekufa wala hatukuambiwa anaishi. Sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa la ajabu, na huo ni ukweli ninaoona aibu kuuandika.

Sasa nina miaka arobaini na mitatu na ninafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha hapa mpakani. Kazi yangu ni karatasi za malori: mzigo gani, unatoka wapi, unakwenda wapi, nani ametia sahihi. Na katika mapengo ya kazi hiyo, kwenye foleni, nikisubiri mtandao urudi, ninahakiki vitabu. Nilianza kwa hasira. Nilisoma katika ukurasa mmoja wa mtandaoni wa Nairobi kwamba Waswahili hawana hamu na bunilizi za kisayansi wala fantasia, nikamwandikia mhariri barua ndefu isiyo na adabu. Akanijibu kwa kuniletea kitabu.

Nilikuwa mhakiki mkali. Dereva wa lori akikaa siku tatu hapa kwa sababu ya karatasi moja, siwezi kumvumilia mwandishi anayevusha jeshi zima kutoka sayari moja hadi nyingine bila mtu kuulizwa amebeba nini. Niliuliza watu wa chomboni wanakula nini na nani anaosha sufuria. Mtoto aliyetabiriwa kuiokoa dunia nilimchoka kabla hajazaliwa. Wasomaji walipenda ukali wangu, wakawa wananitumia vipande vyangu kwenye simu kana kwamba mimi mwenyewe sikuviandika. Nilijidai kwa hilo. Ukinikuta kaunta unaniona karani wa kawaida, lakini mahali fulani kulikuwa na watu waliosubiri niseme jambo.

Kitabu kutoka Bulumbi, vijijini upande wetu wa Uganda, kililetwa na dereva, kimefungwa kwa gazeti. Aliyekiandika alikuwa muuguzi katika kituo cha afya huko, mwanamke wa rika langu, na kilikuwa kitabu chake cha kwanza. Naye alisoma upande wa Kenya kama mimi, ndiyo maana aliandika kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili safi kiasi kwamba nilisoma kurasa tano za kwanza nikitafuta kosa na sikulipata.

Hadithi ilikuwa hivi. Mpaka ni mnyama. Ni mrefu, hauna macho, unalala juu ya nchi, na kila baada ya muda unaamka, unajikokota, unalala mahali pengine. Watu wanaamka asubuhi choo kiko nchi moja na jiko liko nchi nyingine, na wanazoea, kama tunavyozoea sisi. Siku moja mnyama anageuka upande wakati kijana wa baiskeli anavuka na mzigo. Kijana anafia ng'ambo, na watu wa huko wanamfukia bila kujua jina lake. Dada yake anafunga safari kwenda kumtafuta mnyama mahali anapokula, amwombe asogee, ili ndugu yake arudishwe nyumbani.

Nilikipenda tangu mwanzo. Nilikipenda mpaka nikakasirika kwamba sikukiandika mimi. Nilikisoma kwa siku tatu nikitembea nacho kila mahali, na siku ya tatu, nikiwa nimebakisha kidogo, nilipigiwa simu kwamba lori limekwama getini. Nikakiweka mezani nyumbani kifudifudi nikakimbia. Kesho yake asubuhi nikakichukua tena. Nakumbuka nilihisi kimekuwa chembamba kuliko nilivyokiacha, na nakumbuka sikulijali hilo. Nikafika kwenye sentensi hii: msichana amesimama ukingoni mwa mto, mnyama amelala katikati ya maji, "akainua mguu, na maji yakasubiri." Baada ya hapo, jalada.

Hatimaye, nilijisemea, mwandishi anayejua kuondoka.

Uhakiki niliuandika siku hiyo hiyo, nimesimama kaunta, bila kula. Niliandika kwamba mwandishi huyu ana ujasiri ambao wenzake hawana, kwamba hatufariji, hatufungii mlango wala hatufungulii. Niliandika, na maneno haya nayajua kwa moyo kwa sababu yamenirudia mara nyingi: "Hapa ndipo kitabu hiki kinapoishia, na hapa ndipo kilipopaswa kuishia. Anayetaka kujua kama msichana alirudi hakustahili kwenda naye."

Mhariri alinipigia simu kuniambia kwamba hajawahi kuona uhakiki ukisomwa namna ile. Sentensi ya mguu na maji ilizunguka kwenye simu za watu. Nilitembea siku hizo kama mwenye viatu vipya.

Baada ya wiki tatu hivi, Jumamosi mchana, mwandishi alikuja nyumbani. Alikuwa amemwuliza yule dereva ninapoishi. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa sweta ya kazini, na alikaa kwenye ukingo wa kiti akiwa ameupakata mkoba wake. Mama yangu, ambaye siku hizi anaishi nami na bado anakaanga njugu zake barazani, alimkaribisha kisha akarudi kwenye karai lake. Mimi sikukaa. Nilisimama karibu na dirisha, kama kawaida yangu.

Kiswahili chake cha mdomoni kilikuwa cha huku kwetu, tofauti kabisa na cha kitabuni.

"Madam, mimi nakuja uliza kitu moja tu," alisema. "Kwa nini uliandika huyu msichana harudi?"

Nilimjibu. Naona aibu kukumbuka jinsi nilivyomjibu. Nilimweleza kitabu chake. Nilimwambia kwamba mwisho ulio wazi unamheshimu msomaji, na kwamba kurudi nyumbani ni hadithi ya zamani sana.

"Lakini anarudi," alisema.

"Moyoni mwako anarudi," nilimwambia. "Mwandishi anajua mengi ambayo hayamo kitabuni."

Kisha akaeleza kilichomleta. Mchapishaji wake alikuwa anajiandaa kuchapa mara ya pili, na safari hii alitaka kitabu kiishie mtoni. Watu wanakuja dukani wanauliza kile kitabu kinachoishia mtoni, wengine wanakasirika wakikuta kinaendelea. "Anasema wewe ndiyo unajua kazi. Anasema ile sura uliiona mbaya mpaka ukakataa kuitaja. Mimi nataka nisikie kwa mdomo yako. Ni mbaya hivyo?"

"Sura gani?" niliuliza.

Alinitazama kuona kama namdhihaki. Ndipo mama akaingia na vikaratasi viwili vya njugu, akampa kimoja kwa mikono miwili.

"Kula kwanza, mwanangu. Maneno iko tu."

Tangu upande wa Kenya walipopiga marufuku mifuko ya plastiki, vikaratasi vya mama vilikuwa vimepata soko tena, na alikuwa navyo vingi, vimesokotwa mapema na kuchomekwa kimoja ndani ya kingine. Mgeni alitafuna njugu mbili kwa heshima. Akakigeuza kikaratasi, kama mtu yeyote anavyofanya, asome kilichoandikwa. Kisha akakifungua chote. Njugu zikamwagika kwenye sweta na sakafuni, wala hakuziangalia. Akailaza karatasi gotini, akainyoosha kwa kiganja.

"Hii ni mimi," alisema.

Nilikwenda kwenye rafu nikachukua kitabu. Mwishoni, kabla ya jalada, kulikuwa na vipande vya karatasi vilivyobaki kwenye mgongo, vifupi, vya kukatikakatika, kama mabua yaliyobaki shambani. Si kwamba vilifichika. Nilikuwa nimevipapasa kwa kidole gumba nilipokuwa nasoma. Kila kitabu nilichokipenda utotoni kilikuwa na mabua hayo, na kwangu hiyo ndiyo ilikuwa alama ya mwisho wa kitabu.

"Nilidhani umemaliza," mama alisema. "Ulikuwa umekiweka chini."

Mtu mwingine yeyote, wa Nairobi, wa Kampala, wa popote ambapo njugu zinafungwa kwa kitu kingine, angekiona kitabu kile na kuuliza kurasa ziko wapi.

"Inasema nini?" mama aliuliza, akiionyesha karatasi iliyokuwa gotini mwa mgeni.

Mwandishi akamsomea. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya kitabuni. "Hawakupewa mwili. Mnyama alisogea, lakini hakusogea vya kutosha. Basi wakakata mgomba. Wakaupima kwa urefu wa kaka, mama yake akisema alikuwa anafika wapi kwenye fremu ya mlango, wakaukata hapo. Wakauvika shati lake la Jumapili. Shangazi wawili waligombania sufuria ya wali, na ilibidi mtu awatenganishe, na kwa muda mfupi watu wakacheka. Kisha wakaubeba."

Ukurasa uliishia hapo. Alifuta mafuta kwenye vidole.

"Mimi nilitunga yote," alisema. "Mnyama, mto, yote. Hii ya mgomba sikutunga."

Akatueleza kwa ufupi, akimtazama mama zaidi yangu. Kaka yake alifia upande wa Kenya miezi ile mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona. Walipata habari kwa simu, na walipopata, alikuwa ameshafukiwa na watu waliovaa plastiki, mahali ambapo hata baadaye hawakuonyeshwa vizuri. Pale Bulumbi walizika mgomba.

"Wakikata hii sura," alisema, "yeye anabaki ng'ambo tena. Mara ya pili. Na safari hii ni mimi nimemwacha."

Mama alikuwa bado amesimama. "Mlingoja kwa muda gani," aliuliza, "kabla ya kukata mgomba?"

"Mwaka, mama."

"Na kama mngesikia baadaye yuko hai?"

"Hiyo mimi sijui, mama."

Mama akatikisa kichwa polepole, akainama akaanza kuokota njugu sakafuni moja moja. Mwandishi alipoondoka aliniomba kitu kimoja: niandike kwamba sikuisoma ile sura. Hivyo tu. Mchapishaji angemsikiliza mhakiki, maana yeye mwandishi hakusikilizwa. Nikamwahidi mlangoni, nikimshika mkono.

Siku tisa sikuandika neno.

Nilikuwa navuka mpaka na kurudi bila shughuli. Nilikunywa chai upande wa Kenya, nikanunua sabuni nisiyoihitaji upande wa Uganda. Kazini niligonga muhuri kwenye fomu ambayo haikuwa yangu. Nilikuwa nafungua simu, naandika "Ndugu wasomaji," nafuta, natembea hadi getini, narudi. Niliogopa, hakuna jina jingine la jambo lile. Jina langu la uhakiki ndicho kitu pekee nilichojitafutia mwenyewe bila mtu kunisaidia, na sasa nilitakiwa kusimama mbele ya watu wote niseme kwamba mhakiki mkali, bingwa wa kuuliza nani anaosha sufuria, alisifu pengo la njugu.

Nikajipa kisingizio: sharti kwanza niisome hiyo sura. Nilikagua vikaratasi vya mama, nikavivuta kimoja kutoka ndani ya kingine. Sura ilikuwa na karatasi nane, nikapata sita. Mbili zilikuwa zimeshakwenda na wateja, huenda mmoja alizisoma njiani kuelekea Kisumu, huenda zilitupwa mtaroni. Nilizinyoosha chini ya gunia la njugu usiku kucha, na asubuhi nikazisoma nikizunguka ua.

Nami nitasema ukweli, kwa sababu ndio ulionizuia zaidi ya woga. Sikuipenda. Ni sura ya polepole. Nani ameleta jembe, nani amechelewa kutoka Kirewa, nani hajala. Mnyama hatajwi tena. Kama ingenifikia ikiwa bado mswada, tuseme, nikaulizwa, ningesema ikatwe. Kwa hiyo nilichokisema kwa makosa kilikuwa karibu sana na kile ambacho ningekisema kwa makusudi, na sikujua ni kosa gani hasa ninalotakiwa kukiri.

Mama ndiye aliyeniondoa hapo, bila kukusudia. Aliniona na zile karatasi akaniambia nimsomee. Nikamsomea nikiwa nimesimama. Kesho yake asubuhi akataka tena. Siku ya tatu akavuta kigoda, akakipiga piga kwa kiganja. "Kaa. Ukisimama unasoma kama unafukuzwa na mbwa."

Nikakaa. Nikasoma polepole, na pale penye mapengo nikamwambia hapa hapapo, akasema haidhuru, watakuwa wanachimba. Penye shangazi na sufuria akacheka kila mara kana kwamba hajawahi kupasikia. Alikuwa anapasubiri. Nikafika kwenye mistari ya mwisho, ambapo udongo umejaa na mama wa kijana anawaambia watu waende nyumbani. Mama yangu akashusha pumzi. Akanyoosha mgongo, akaenda kuwasha jiko.

Sikuwahi kumsomea mama kitu hadi mwisho. Hakuwahi kuwa nao, na mimi pia. Nilibaki kwenye kile kigoda nikijifuta macho, nikaelewa kwamba miaka yote niliyojidai kuwa naidharau miisho, nilikuwa siijui. Nilidhani ni kitu wanachopewa wasomaji wavivu. Sikujua kuna mtu anayeihitaji ili aweze kuinuka akawashe jiko.

Niliandika papo hapo. "Kitabu nilichokihakiki sikukimaliza. Sura ya mwisho ilichanwa nyumbani kwangu na kufungiwa njugu, nami sikugundua, kwa kuwa nimelelewa kwenye vitabu vya namna hiyo. Kitabu hakiishii mtoni. Msichana anarudi, na ndugu yake anazikwa. Mimi binafsi sura hiyo ilinichosha mara ya kwanza, na mara ya tatu ilinitoa machozi. Isikatwe."

Mhariri alipiga simu kabla hajaichapisha. Alikuwa mtu mwema. "Kwa nini usiseme tu kwamba nakala yako ilikuwa na kasoro kiwandani? Inatokea. Hakuna atakayekucheka."

Niliwaza. Nakiri niliwaza kwa muda wa kutosha kutembea kutoka kaunta hadi mlangoni. Kisha nikamwambia hapana, maana wakati huo mchapishaji angejibu kwamba nakala zake ni nzima, na sote tungerudi kwenye kubishana juu ya karatasi badala ya huyo kijana.

Walinicheka. Mtu alituma picha ya kikaratasi cha njugu chenye maneno "uhakiki kamili." Madereva waliniomba sura ya mwisho ya kutafuna safarini. Mhariri akaniambia kwa upole kwamba nipumzike kidogo, na safu yangu akampa mwingine, ambaye hajanirudishia hadi leo. Iliniuma. Bado inaniuma nikiona kitabu kipya cha sayari za mbali na hakuna anayeniuliza.

Baada ya mwezi mmoja na nusu ukaja ujumbe kutoka Bulumbi. Mwandishi alikuwa ameandika neno moja: "Wameiacha." Baadaye dereva akaleta nakala ya uchapaji wa pili. Mama alikipokea kitabu yeye mwenyewe, akakigeuza, akapapasa kurasa za nyuma kwa kidole kuhakikisha zipo, akakiweka juu ya kabati karibu na Biblia yake. Kisha, akiwa bado amenipa mgongo, akasema, "Jumamosi twende Petta. Ubebe panga."

Petta ndiko kwao baba. Sikumwuliza panga la nini. Tulipanda gari la asubuhi hadi Tororo, lile jiwe kubwa kama mlima likiwa juu ya mji kama lilivyokuwa nilipokuwa mtoto na kuamini kwamba ni chombo kilichotua kikasahaulika, kisha tukachukua pikipiki mbili. Mama alikuwa ameshatuma habari mbele. Shemeji zake walikuwapo, na katekista, na wanawake wenye sufuria. Shemeji mmoja alisema hiki kitu ni cha Wasamia wa kule Bulumbi, sisi hatuna. Mama akamwuliza yeye ana kipi. Hakuwa nacho.

Nyuma ya nyumba ya zamani kulikuwa na migomba. Fremu ya mlango wa baba ilikuwa imeliwa na mchwa miaka mingi, hapakuwa na cha kupimia. Mama akauchagua mgomba mmoja, akageuka, akauegemea kwa mgongo, visigino vikigusa shina.

"Baba yako alinizidi kichwa kimoja," alisema. "Pima kwangu."

Niliweka kiganja juu ya kilemba chake.

"Juu kidogo," alisema. "Juu tena."

Ningeweza kuishia hapo, mkono wangu ukiwa umeinuliwa. Zamani ningeona ni mahali pazuri mno. Lakini nilikata mgomba pale alipoonyesha, na haukukatika kwa pigo moja, utomvu ukaniharibia gauni. Tukauvika koti ambalo mama alikuwa amelitunza bila mimi kujua. Jembe lilichelewa. Katekista aliomba dua ndefu kuliko ilivyohitajika. Wanawake wawili walibishana kwa sauti ya chini kuhusu nani ameharibu wali, na mama akanigusa kiwiko, nikamwona anatabasamu. Miguu iliniwasha kutaka kuondoka, nikaibana. Udongo ulipojaa, mtu akausawazisha kwa upande wa bapa wa jembe, tukanawa mikono kwenye beseni moja, tukala. Kisha mama akafunga kanga yake upya, akawashukuru watu kwa kuja, akawaambia waende nyumbani.